Jioni za Amani, Mwaka wa Machakos

Ukipanda daladala Darajani, Unguja, kwenda Amani, mji hubadilika kidogo kidogo. Maduka ya kanga na viungo hubaki nyuma, barabara hupanuka, kisha huanza gereji, mafundi wa kuchomea vyuma na maseremala waliopanga vitanda na makabati mpaka ukingoni mwa lami. Hewa ya huko enzi zile ilinuka vumbi la mbao na oili chafu, na ikishapita Alasiri, ilinuka bajia. Harufu hiyo ya mwisho ilikuwa yetu sisi. Mama akiuza mbatata za urojo nje ya Uwanja wa Amaan, upande unaopata kivuli mapema, na mimi ndiye niliyekuwa mbebaji wa beseni.

Meza yenyewe ilikuwa ya mbao za maboksi, mguu mmoja umeungwa kwa misumari, juu yake kitambaa cha plastiki chenye maua yaliyofutika pale mama alipozoea kuweka kiwiko. Kulia ilikaa sufuria ya urojo, imefunikwa kwa sinia usije ukashika ngozi juu. Kushoto beseni la bajia na kachori chini ya karatasi za gazeti zilizokwisha kulowa mafuta. Katikati mbatata za kuchemsha, chipsi za muhogo nyembamba zinazovunjika kwa kuguswa tu, chatne ya nazi, na pilipili ndani ya chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko. Urojo wa mama ulikuwa mwembamba kuliko wa wenzake. Unga wa ngano aliutia kwa vidole, si kwa kijiko. Uchachu wote aliutafuta kwenye embe mbichi na ndimu. Mteja akikaa kwenye benchi haulizwi anataka nini. Anaulizwa, "Pilipili?" Mengine mama anayajua.

Uwanja huo ulijengwa kwa msaada wa Wachina, ukafunguliwa mwaka 1970, na sisi watoto wa Amani tuliujua kwanza kwa sherehe za Mapinduzi: gwaride la tarehe 12 Januari, vijana wa halaiki na sare zao za rangi, na usiku Kombe la Mapinduzi chini ya taa. Siku hizi umejengwa upya. Ulifunguliwa tena Desemba 2023, una viti vya rangi na taa kali, na nilipokwenda kuutazama sikuweza hata kupakisia ilipokuwa meza yetu. Ninaousema hapa ni ule wa zamani, wa majukwaa ya zege yaliyokuwa yakichoma mapaja mchana wa kiangazi.

Mama hakuwahi kuingia ndani. Mpira aliufuata kwa masikio, mgongo kauelekeza ukutani, mkono ndani ya ndoo ya kusuuzia bakuli. Goli la timu yenye watu, alinifundisha, huanza kwa mnong'ono, likapanda, likapasuka. Goli la wageni huja kama mtu kazima redio. Na wale wanaotoka kimya kabla ya kipenga cha mwisho usiwakaangie bajia mpya, kwa sababu aliyefungwa hali. Hupita akitazama viatu vyake mpaka kwenye daladala. Mshindi hula bakuli mbili akasahau chenji. Lakini matokeo aliyoyapenda kuliko yote yalikuwa sare, maana watu wa sare hukaa benchini wakabishana, na anayebishana haachi kutafuna.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa mtunza vifaa wa timu ya mtaa wetu. Cheo hicho hakikuwa na mshahara. Kilikuwa na begi. Begi la turubai la rangi ya kahawia, zipu imekufa, limefungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake jezi za kijani zilizopauka mpaka zikakaribia rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Namba zilikatwa kwenye kitambaa cheupe na fundi cherehani wa jirani. Fundi huyo alitukatia sita mbili. Ami hakurudisha, moja aliigeuza kichwa chini ikawa tisa, na kwa kuwa sita nyingine ilivaliwa na beki mwenye tumbo, hakuna mwamuzi aliyepata kuwachanganya. Glavu za kipa zilikuwa pea moja, viganja vimeliwa, zimetiwa viraka vya mpira wa tairi la ndani la baskeli. Kila mechi ikiisha jezi zilirudi nyumbani, zikarowekwa kwenye karai uani, zikafuliwa kwa sabuni ya mche, zikaanikwa kwenye waya uliotoka kwenye mwembe mpaka ukuta wa choo. Bibi alikuwa akilalamika kwamba haoni jua kwa sababu ya jezi. Ami alimjibu, "Jua lipo, bi mkubwa, ni wachezaji wamekaa mbele." Bibi alicheka kila mara, kichekesho kile kile.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo mwaka 2017, joto la Machi limetukalia, kaskazi inamalizikia, na habari ikatoka Addis Ababa. Ilikuwa Alkhamis, tarehe 16. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, limeipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake kamili, wa 55. Nilikuwa nikimenya mbatata. Redio ya fundi viatu ndiyo iliyosema, na kabla msomaji hajamaliza, Vespa mbili zilizokuwa zikipita zilianza kupiga honi, ikafuata daladala, kisha gari la maji. Ami alikuja mbio kutoka gereji, mikono myeusi kwa grisi, akasimama mbele ya meza ya mama kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Tutacheza na Misri," akasema.

"Misri waje na bakuli zao," mama akamjibu. "Zangu hazitoshi."

Asiyezaliwa Unguja pengine hataona ukubwa wa jambo lile. Klabu zetu zilikuwa zikicheza mashindano ya Afrika tangu zamani. Malindi ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF mwaka 1995, na wazee wa mjini huikumbuka safari ile wakati wowote ule, hata msibani. Mwaka huo huo timu yetu ya Zanzibar ilikwenda Uganda ikarudi na Kombe la Chalenji. Lakini timu hiyo ilikuwa na mlango mmoja tu, wa Chalenji ya majirani wa Afrika Mashariki na Kati. Kombe la Mataifa ya Afrika tulilitazama kwenye runinga, tukichagua wa kumshangilia kwa kufuata jina la mchezaji, au rangi ya jezi, au nani aliyemfunga nani mwaka uliopita. Ami alikuwa wa Kameruni. Usiniulize kwa nini.

Masika ya mwaka ule yalinyesha kwa hasira. Maji yalisimama mitaani, watu wakavuka kwa matofali, na kiwanja chetu cha nyuma ya nyumba, ambacho kiangazi ni udongo mwekundu na vijiwe vya matumbawe, kiligeuka dimbwi moja refu kutoka goli hadi goli. Timu ya mtaa ilikuwa na mechi ya mwisho ya ligi. Sare ingetutosha kubaki daraja letu.

Goli la mechi ile nalikumbuka kuliko magoli yote niliyoyaona Amaan. Dakika zilikuwa zimekwisha, mvua imekuwa nyembamba, mashabiki wamejibanza chini ya mabati ya banda la seremala. Beki wetu, yule wa namba sita, aliurudisha mpira kwa kipa, pasi ya kawaida kabisa, na mpira ukaenda, ukaenda, ukaingia kwenye maji mbele ya goli ukasimama. Ulisimama tu, unazunguka polepole mahali pamoja. Kipa alitoka. Mshambuliaji wao alitoka upande wa pili. Wote wawili walikimbia ndani ya maji yaliyowafika vifundoni, na kwa muda ule hakuna aliyepiga kelele, kila mtu alikuwa akisikiliza zile nyayo. Mshambuliaji alifika mbele kwa kidole gumba.

Tukashuka daraja. Beki alikaa kwenye matope, akakataa kuinuka mpaka kipa alipomwinua kwa kwapa. Ami alizunguka na begi lake akikusanya jezi, kila mmoja akivua na kumpa bila ya kumtazama usoni. Usiku ule ule alizifua kwa maji ya mvua yaliyojaa kwenye pipa. Maji yalitoka mekundu, akayamwaga, akaroweka tena, yakatoka mekundu. Bibi alimwambia aziache mpaka asubuhi. "Tope likikauka halitoki," akasema, akaendelea kusugua.

Ikaja Ramadhani, na timu ikamong'onyoka. Winga alipata kazi ya hoteli Nungwi. Mwingine alivuka kwenda Dar es Salaam kwa kaka yake. Beki wa namba sita alikuwa akionekana msikitini lakini kiwanjani hakanyagi. Baada ya tarawehe vijana waliobaki walicheza kidogo chini ya taa ya barabarani, miguu peku, mpira wa plastiki, zaidi kwa kushusha futari kuliko kwa jambo jingine. Ami alikaa kando na begi. Hakuna aliyelihitaji, lakini alilibeba.

Habari ya pili ilikuja Julai, Ijumaa ya tarehe 21. Kipupwe kilikuwa kimetulia, upepo wa kusi unaingia kwa dirisha la nyuma, jezi zimeanikwa ijapokuwa timu haikuwa imecheza. Ami alizifua hata hivyo, alisema zikikaa zinashika ukungu. Safari hii redio ilisema Rabat, Moroko. CAF imeufuta uanachama wa Zanzibar. Rais wake, Ahmad, alieleza kwamba hatukupaswa kupokewa tangu awali, kwa kuwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Uanachama ulidumu kwa miezi minne na siku chache, na kati yake tulishafunga, tukasali Idi, tukazoea kujiita wa 55.

Ami alikuwa na vibanio mdomoni na jezi namba tisa mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Alibana bega la kwanza, akabana la pili.

Jioni ile mama alirudi na sufuria nusu. Watu walipita Amani wakitazama viatu vyao, na hapakuwa na mechi yoyote uwanjani. Yeye hauzi urojo wa jana, kwa hiyo tuliula sisi, pamoja na majirani, ukiwa umeshaganda kidogo, tukiusukuma na mkate wa boflo. Wanaume walikuwa barazani wanaichambua sheria ya CAF kifungu kwa kifungu, watu ambao hata kanuni ya kuotea huwashinda. Mie niliona aibu ngeni, ya kualikwa kwenye harusi ukavaa, ukajifukiza udi, kisha ukaambiwa mlangoni jina lako limeandikwa kimakosa.

Kesho yake Alasiri ami alilitia begi begani akaenda kiwanjani. Hakumwita mtu. Walikuja vijana watano, wakacheza goli moja. Siku zilizofuata wakaongezeka, wakapungua, wakaongezeka. Nimesoma na kusikia maneno mengi mazuri kuhusu wanamichezo wanaoinuka baada ya kuanguka, na sina ugomvi nayo, ila niliyoyaona mimi hayakuwa na maneno. Adhana ya Alasiri ilikwisha, watu wakasali, jua likapoa, na saa ile mtoto wa Amani hana pengine pa kwenda. Siku moja nilipopeleka maji nikamkuta beki wa namba sita. Alikuwa amesimama peke yake kando ya lile bonde lililokuwa dimbwi, limekauka sasa, anapiga pasi za nyuma kwa kipa. Moja baada ya nyingine. Kipa anamrudishia. Hawazungumzi. Nikaiweka ndoo nikaondoka.

Desemba ilipofika, embe zimejaa mpaka mama anachagua, Zanzibar Heroes, ile timu yetu ya Zanzibar, walikwenda Kenya kwenye Chalenji. Kocha alikuwa Hemed Suleiman, ambaye watu wote wanamwita Morocco, na ami hakuliachia jambo hilo lipite. "Moroko walitunyang'anya," aliwatangazia watu barazani, "na Morocco ndiye atakayeturejeshea." Alilisema kwa fundi viatu, akalisema gerejini, akaja kulisema kwetu akalirudia kwa bibi, ambaye hakuelewa lakini alicheka.

Walianza na Rwanda, wakaifunga 3-1. Siku mbili baadaye wakaifunga Tanzania Bara 2-1, na usiku ule Amani haikulala. Mama aliishiwa bajia, akaishiwa kachori, mwishoni akawa anauza urojo mtupu na watu wanaunywa wamesimama. Sare na Kenya. Libya wakatufunga moja. Kisha nusu fainali Kisumu, Ijumaa, dhidi ya Uganda waliokuwa wakilishikilia kombe, tukawatoa 2-1. Katika kikosi kile alikuwamo kijana wa klabu ya JKU, Feisal Salum, ambaye nchi nzima ilikuja kumjua kwa jina la Fei Toto. Sisi tulimwita mtoto wetu tangu hapo, kama tulivyowaita wote.

Fainali ilikuwa Machakos, Jumapili ya tarehe 17. Runinga ilitolewa ndani ya duka la kinyozi ikawekwa juu ya meza, waya umepitishwa dirishani, watu wamekaa chini, kwenye madebe, juu ya ukuta, watoto kwenye mwembe wetu wakila embe mbichi kwa chumvi na pilipili na kuwadondoshea watu kokwa. Kenya walifunga mapema, Ovella Ochieng. Muda ukayoyoma. Kinyozi mwenyewe alishaanza kukunja taulo Khamis Musa aliposawazisha, dakika chache kabla ya mwisho, na hapo yule mzee wa fundi viatu, mtu wa heshima zake, alimkumbatia mtu asiyemjua. Dakika za nyongeza Masoud Juma akawapa Kenya la pili. Tukasawazisha tena. Mbili kwa mbili, na sasa penalti.

Nilihisi mtu nyuma yangu, nikageuka, alikuwa mama. Kaacha meza. Alikuja na upawa mkononi, urojo unamdondokea kwenye kanga, na hakuitazama runinga hata mara moja. Alijigeuza, mgongo kwa watu, uso kwa barabara, akasikiliza. Nilijua anachokifanya. Patrick Matasi wa Kenya alidaka moja. Akadaka nyingine. Mama aliinamisha kichwa upande, kama afanyavyo pale ukutani. Matasi akadaka ya tatu, na redio ya watu wote ikazimwa.

"Tatu mbili," mtu akasema taratibu, kana kwamba kulikuwa na asiyejua.

Mama alinigusa bega. "Twende tukafunge," akasema. "Leo hapaliwi."

Tulipofika mezani tukakuta mtu keshakaa benchini. Kisha wa pili. Kinyozi akaja, na fundi viatu, na vijana wa timu, na wanaume wa barazani wakiichambua penalti ya kwanza kama walivyoichambua sheria ya CAF. Walikula. Walizungumza wote kwa pamoja, midomo imejaa, wakioneshana kwa vijiko vya plastiki pale mpira ulipopita na pale ambapo ungepita. Mama alinitazama, akanitazama tena, akanyanyua sinia kuchungulia sufuria. Sijawahi kumwona amekosea hesabu kiasi kile. "Washa jiko," akaniambia. "Menya nyingine."

Timu iliporudi Unguja watu walijipanga barabarani kuipokea, na usingejua kwa kelele zile kwamba ni ya pili. Ami alikwenda na jezi namba tisa kaifunga kichwani.

Lakini mie ninayoipenda zaidi ni Jumatatu, siku moja tu baada ya fainali. Alasiri watoto wa mtaa walikuwa nyuma ya meza yetu, goli limechorwa kwa mkaa ukutani, wanapiga penalti. Walikuwapo akina Khamis Musa wanne na Fei wawili, na hakuna aliyekubali kuwa Matasi. Mchezo ulisimama kwa hilo. Walishindana, walivutana fulana, wakataka kumlazimisha mdogo kuliko wote, akalia. Ami, aliyekuwa akila, alishusha bakuli, akafungua kamba ya begi, akatoa zile glavu zenye viraka vya tairi.

"Atakayekuwa Matasi atazivaa hizi."

Yule mdogo alinyamaza. Alifuta pua, akaingiza mikono, glavu zikamfika viwikoni. Ya kwanza alidaka kwa kifua, kwa bahati. Ya pili alidaka kweli, akajirusha kwenye vumbi, na wakubwa walioketi benchini wakampigia makofi. Ya tatu ilipigwa kwa hasira na mmoja wa akina Khamis Musa. Ilimpita juu, ikagonga ukuta, ikaruka kwa kasi ile ile na kutua katikati ya beseni la bajia.

"Nani kapiga?" mama akauliza.

Watoto wote walimnyooshea kidole kipa.

"Matasi," ami akasema, na akamsogezea mama bakuli lake aongezewe urojo.